Lenzi ya Namba Kubwa

4 Machi, Jumatatu

Mke wangu ametangaza kustaafu. Kati ya chai na mkate! Miaka kumi na sita amekuwa kipa wa timu ya wauguzi ya mpira wa mikono, na sasa anasema magoti yameanza kumsemesha anapopanda ngazi za wodini. Fainali ya Jumamosi ndiyo mechi yake ya mwisho. Hataki sherehe. Hataki zawadi. Anataka picha moja tu akiwa golini, ambayo mtu akiiona atajua kwamba yule ni yeye.

Ombi dogo. Limenichoma hata hivyo. Miaka yote hiyo nimempiga picha mimi, mumewe, na ni kweli hakuna hata moja yenye sura. Ukumbi wenyewe una giza kama stoo, na yeye hatulii. Picha ya mwaka juzi ni ukungu wenye mikono. Ya mwaka jana mama mkwe aliishika juu chini, akauliza kama ni nguo zilizoanikwa siku ya upepo. Nikacheka pamoja nao. Moyoni sikucheka.

Kosa si langu. Ni la kamera. Kuukuu, gizani haioni kitu. Flashi nayo siruhusiwi tangu siku ile nilipompofusha mwamuzi. Kuna tangazo mlangoni pa ukumbi kwa ajili yangu peke yangu, ingawa walikuwa na adabu ya kutoniandika jina.

Kisha likaja la pili. Katibu wa timu amesema picha bora ya Jumamosi itatundikwa katika chumba cha timu. Ili asibahatishe, amemwalika na Bwana Pasipoti. Bwana Pasipoti! Mwenye studio inayotazamana na duka letu la miwani. Mtu ambaye tangu azaliwe hajapiga picha ya kitu kinachokwenda. Wateja wake wote hukaa kwenye kigoda, wametazama mbele kama wanaosubiri hukumu.

Nimeapa mbele ya mke na mama mkwe. Jumamosi picha ipo. Nabadilisha kamera. Mama mkwe akasema haya, tutaona, akaendelea kupaka mkate siagi.

5 Machi, Jumanne

Nimekwenda duka la kamera saa ya chakula cha mchana. Muuzaji ni binti mpole anayesema haraka. Nikamweleza: ukumbi, giza, kipa anayeruka, flashi marufuku. Akaikagua kamera yangu, akasema si mbaya hivyo, nibadilishe lenzi tu. Mlinzi wa mlangoni akadakia kwamba lenzi haina neno, nibadilishe kamera. Mteja aliyekuja kununua betri akasema nisibadilishe chochote, nipandishe usikivu. Usikivu wa nini? Kumbe kamera ina namba ya usikivu. Ukiipandisha inaona gizani, lakini picha inaota chunusi. Mteja mwingine akasema chunusi si hoja, la muhimu ni kasi. Kasi ya nani? Ya kamera kufumba na kufumbua jicho!

Nikaandika yote kwenye kijidaftari. Nikayasoma, yakapingana. Nikayasoma kutoka chini kwenda juu, yakapingana zaidi. Nikaomba maji ya kunywa.

Ndipo binti akaweka lenzi mbili mezani, na roho yangu ikatulia. Lenzi ni kazi yangu. Mimi ni fundi miwani, huu mwaka wa ishirini. Moja ilikuwa fupi, nene, nzito, imeandikwa mbili nukta nane. Ya pili nyembamba, imeandikwa tano nukta sita. Binti akasema kwa giza nichukue ya mbili nukta nane. Nilimwonea huruma. Kila mtu anayevaa miwani anajua kwamba namba ikiwa ndogo jicho ni zima, ikiwa kubwa lenzi ina nguvu. Bibi anayepapasa ukuta humpi miwani ya mbili! Nikasema nataka ya tano nukta sita. Akasema lakini mzee, hiyo inaingiza mwanga kidogo. Nikamjibu kwamba nilikuwa nakata vioo yeye hajajua kutambaa. Akainua mikono juu, akanifungia.

Nimechukua na kamera mpya pia, ili binti na mlinzi wote wawe wamesikilizwa. Masharti: siku saba za majaribio, kamera yangu ya zamani inabaki dukani. Nimetoka kifua mbele.

6 Machi, Jumatano

Majaribio ya nyumbani. Mke yuko zamu ya mchana. Nimeziba madirisha ya sebuleni kwa mablanketi ili kupata giza la ukumbini, nikamsimamisha mama mkwe mbele ya kabati awe kipa. Hakukataa. Alivua kanga ya mabegani, akaikunja vizuri, akauliza sheria ni zipi.

Nikatupa soksi zilizoviringishwa kwa mkono wa kushoto huku nikipiga picha kwa wa kulia. Picha ya kwanza: nyeusi. Ya pili: nyeusi. Ya tatu ilikuwa na kitu cheupe kwa mbali, ambacho baadaye tulikitambua kuwa ni meno ya mama mkwe. Nikapandisha usikivu mpaka namba zikaisha. Sasa akaonekana, lakini kama amemwagiwa ufuta. Akaitazama picha yake kwa muda, akasema sura hii ameibeba miaka sitini na nane na hajawahi kuiona na madoa yale.

Nikamweleza habari za chunusi na kasi. Akauliza, sasa mbona usifungue dirisha? Nikamwambia ukumbini hakuna dirisha. Akauliza, basi hiyo lenzi yenyewe umechaguliwa na nani? Nikabadili mazungumzo.

Soksi kumi na nne nilizotupa, alidaka kumi na tatu. Ya mwisho aliirudisha kwa nguvu, ikanipata puani. Sasa najua mke wangu amerithi wapi.

Swali linabaki. Kamera mpya, lenzi yenye nguvu, usikivu mpaka mwisho, na bado giza? Maana yake giza lenyewe lina kasoro.

7 Machi, Alhamisi

Nimepata jawabu! Kama kamera haina lawama na lenzi haina lawama, basi ni taa. Nikaenda kwa mtunza ukumbi asubuhi kabla ya kufungua duka. Nikamwomba aongeze taa. Akaniambia amekuwa akiomba taa tangu enzi za meneja wa tatu, na sasa yuko wa saba. Ila akasema zilizopo zingeweza kuwaka zaidi kama mtu angezifuta vumbi, na kwamba yeye kizunguzungu hakimruhusu kupanda.

Nikapanda mimi. Ngazi ile! Inatikisika ukikohoa tu. Vumbi lilikuwa nene kama blanketi, na ndani ya taa moja nilikuta mpira mdogo ambao mtunza ukumbi aliutambua kwa furaha kubwa. Taa ziko kumi na mbili. Nilifuta nne, kisha miguu ikagoma. Lakini si haba, kwa sababu nilichagua kwa akili: nne zote ziko juu ya goli la upande wa choo. Sasa goli lile linang'aa kama meza ya daktari wa meno, na goli la upande wa mlango limebaki kama lilivyokuwa.

Jioni nimemwambia mke kwamba Jumamosi adake upande wa choo. Akaniuliza kama nimewahi kuona mechi. Akasema upande huamuliwa kwa kurusha shilingi, halafu baada ya mapumziko timu hubadilishana. Miaka kumi na sita nimekaa ukumbini na jambo hili sikulijua. Nimechanganyikiwa kidogo, lakini nusu ya uhakika ni bora kuliko kukosa kabisa.

8 Machi, Ijumaa

Upelelezi. Nimevuka barabara kwenda studio ya Bwana Pasipoti kwa kisingizio cha kupiga picha ya kitambulisho. Alinipokea vizuri mno, jambo lililonitia wasiwasi. Akanikalisha kwenye kigoda. Akanishusha kidevu. Akanipandisha kidevu. Kisha akasimama tu. Hakubonyeza! Nikamuuliza anangoja nini, akasema ananingoja mimi. Nikasema mbona niko hapa. Akasema bado. Nikachoka, nikashusha pumzi, mabega yakalegea, na papo hapo akabonyeza mara moja akasema ahsante jirani.

Alipokwenda nyuma nikaichungulia kamera yake. Ya zamani, imefungwa utepe mweusi pembeni. Lenzi yake, moja nukta nane. Moja nukta nane! Nilijiziba mdomo. Hiyo ni miwani ya mtu asiyehitaji miwani. Masikini ya Mungu, na huyu ndiye niliyekosa usingizi kwa ajili yake?

Aliporudi nikamuuliza kwa upole atawezaje kesho na watu wanaokimbia. Akasema hatawapiga wanaokimbia, hawezi, atangoja mtu atulie. Nikamwambia ni mpira ule, jirani, si foleni ya vitambulisho. Akacheka, nami nikacheka, kila mtu na sababu yake.

Picha yangu imetoka safi, lazima nikiri. Mpaka kovu la tetekuwanga linaonekana. Nimeificha kwenye droo.

Mke amerudi kutoka mazoezi, goti la kushoto limevimba. Nikamkanda kwa maji ya moto. Akaniuliza kama kweli nitaipata hiyo picha, au amwambie tu Bwana Pasipoti asimtoe machoni. Alisema taratibu, bila kunidhihaki, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia asiwe na shaka. Akasema sawa.

9 Machi, Jumamosi

Nieleze kwa utaratibu.

Nilifika mapema, nikakaa upande wa choo chini ya taa zangu nne. Bwana Pasipoti akaja na kigoda chake, akakiweka hatua sita nyuma yangu. Shilingi ikarushwa. Mke wangu akapewa upande wa mlango! Kipa wa timu pinzani, mwanamke nisiyemjua hata kwa salamu, akaja kusimama kwenye mwanga nilioupandia ngazi. Nilivumilia dakika ishirini na tano. Kisha nikaona upuuzi, nikahamia upande wa mlango. Nikakaa. Nikafungua lenzi. Firimbi ya mapumziko! Timu zikabadilishana. Nikarudi tena upande wa choo, jasho likinitoka, nikampita Bwana Pasipoti ambaye hakuwa amesogea wala kupiga hata picha moja. Alikuwa anakula karanga.

Kipindi cha pili nilipiga picha mia mbili na kumi. Za viwiko. Za nyavu. Ya suruali ya mwamuzi. Moja nzuri sana ya ubao wa matokeo. Mke wangu aliruka kushoto, nikampata kulia. Aliruka kulia, nikapata mahali alipotoka. Nyingi nyeusi, kwa hiyo nikapandisha usikivu, na kwa haraka nikabonyeza kitufe kingine. Maandishi yote ya kamera yakageuka lugha nisiyoijua, herufi za vijumba na vijiti.

Ishirini na mbili kwa ishirini na moja, tunaongoza. Sekunde za mwisho. Mwamuzi akatoa penalti dhidi yetu. Mke wangu golini, mikono juu, mita chache kutoka nilipokuwa nimechuchumaa karibu na nguzo ya goli. Nuru yote ya zile taa juu yake. Ndiyo picha yenyewe! Na kamera ikawa inaniuliza swali kwa vijumba na vijiti. Nikabonyeza jibu la juu. Ikauliza tena. Nikabonyeza la chini. Nikasikia kishindo, kisha makelele ya watu wote kwa pamoja.

Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa chini ya rundo la wauguzi wanaolia kwa furaha. Nikapiga rundo. Kinaonekana kiatu, na sina hakika ni cha nani.

Tumeshinda. Kila mtu alikuwa anarukaruka. Mimi nilikuwa nafungasha kamera. Njiani kurudi alikuwa anachechemea, amenishika bega, uso umejaa furaha. Akaniuliza kama niliona. Nikasema niliona vizuri sana. Akauliza, alizuia kwa mkono gani. Nikasema wa kulia.

Alizuia kwa mguu.

10 Machi, Jumapili

Chai imekuja bila sukari. Nilipoulizia, mama mkwe akasema niitafute kwa lenzi.

11 Machi, Jumatatu

Nimerudi dukani na malalamiko. Nikamwambia binti kwamba amenipa lenzi mbovu. Hakukasirika. Alizishika lenzi mbili dirishani, akaniambia nichungulie matundu. Ya tano nukta sita: kitundu kama cha kifungo cha shati. Ya mbili nukta nane: tundu kama kifuniko cha chupa. Akasema namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Tundu likiwa kubwa, mwanga unaingia mwingi.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, namba ndogo ndiyo kubwa? Akasema ndiyo. Na kubwa ndiyo ndogo? Ndiyo mzee. Nani aliyekubali jambo hili? Akasema ndivyo lilivyo duniani kote. Nilikaa kwenye kiti cha wateja kwa dakika kadhaa. Nilimfikiria Bwana Pasipoti na moja nukta nane yake, na karanga zake.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na hesabu. Kama ndogo ndiyo kubwa, basi ndogo kabisa ndiyo kubwa kabisa. Nikaomba lenzi ya sifuri. Binti akaniangalia. Akasema haipo. Nikasema atazame stoo. Akaenda, akakaa huko muda mrefu, nikasikia watu wawili wakicheka, akarudi akasema imekwisha. Basi nimechukua ya mbili nukta nane kwa siku saba nyingine, na nimemwachia namba yangu ya simu sifuri ikiingia.

Tatizo ni moja tu. Mechi hakuna tena.

12 Machi, Jumanne

Katibu ametuita kuona picha iliyotundikwa. Ya Bwana Pasipoti. Alipiga moja tu mchana kutwa. Ameeleza mwenyewe, bila majivuno, kwamba kipa anayengoja penalti husimama kama mtu wa kitambulisho, hapepesi hata kope. Kwa hiyo yeye aliisubiri penalti tangu saa nane.

Mke wangu yumo, mzima. Jasho, nywele zilizotoka kwenye utepe, goti lenye bandeji. Ni yeye kabisa. Mama mkwe aligusa kioo cha fremu kwa kidole akasema mwanangu. Na ukitazama vizuri, pichani mke wangu hatazami mpira wala mpigaji. Macho yake yameangalia pembeni, kwenye nguzo ya goli. Na hapo kwenye nguzo nipo mimi, nimechuchumaa, kichwa nimekiinamisha ndani ya kamera, upara wote unaonekana.

Akaniuliza ninaona nini. Nikatazama kwa makini, kwa jicho la kitaalamu. Nikasema ajabu ya lenzi ile ni kwamba hata watu wa pembeni wanatoka safi. Mke akageuka akatoka nje. Mama mkwe akaniambia mwenye macho haambiwi tazama. Nilimshukuru, kwa maana ni nadra kunisifu.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Nimeona kosa lilipo. Si mimi, na wala si lenzi tena. Ni muda! Mtu atapataje picha nzuri kwa mechi moja? Nikaketi barazani mchana nikaandika barua kwa katibu, kwa niaba ya mke wangu, kwamba baada ya kutafakari ameahirisha kustaafu kwa msimu mmoja. Nilitia maneno mazuri kuhusu magoti. Nikaituma kwa simu.

Katibu hakukawia. Alimpigia yeye moja kwa moja kumpongeza na kumwambia mazoezi yanaanza Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi.

Mke akaja mlangoni na simu mkononi. Alisimama tu, ananitazama, hapepesi hata kope, na jua la saa kumi limemwangukia usoni lote. Jamani, mwanga ule! Nikamwomba asisogee, asisogee hata kidogo, nikaichukua kamera. Vijumba na vijiti. Nilikuwa bado natafuta kitufe aliporudi ndani na kufunga mlango kwa funguo.